Ugumu Uliokuja Jumatatu: Maisha ya Alfred Wilm

Kurasa za wasifu katika jarida letu zimezoea wapigania uhuru, washairi na marais. Leo naomba mnivumilie, nimewaletea mkemia. Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Kemia, na chumbani naishi na jamaa wa uhandisi. Mradi wake wa mwisho unahusu viungo vya aluminiamu: namna vinavyochomelewa, na namna ya kuvipasha moto baadaye ili virudishiwe nguvu iliyopotea. Majedwali yake yametapakaa hadi kwenye kitanda changu. Siku moja nikamuuliza swali la kimwalimu tu: ni nani aliyegundua kwamba moto unaipa aluminiamu nguvu? Akanijibu kwamba moto ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kusubiri, na kwamba nikamtafute mtu anayeitwa Alfred Wilm. Nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Alfred Wilm alizaliwa tarehe 25 Juni 1869 huko Silesia, eneo ambalo wakati ule lilikuwa chini ya Prussia na leo sehemu yake kubwa iko Poland. Alikuwa mkemia, akapita katika kazi za maabara, na mwaka 1901 akaingia kwenye kituo cha utafiti wa kisayansi na kiufundi kilichokuwa Neubabelsberg, nje kidogo ya Berlin. Msimfikirie kama profesa mkubwa mwenye ukumbi wake wa mihadhara. Alikuwa mtafiti wa kuajiriwa, yaani mtu anayeletewa tatizo la mteja na kuambiwa atafute jibu.

Na mteja wake hakuwa mtu wa mchezo. Maganda ya risasi ya jeshi la Ujerumani yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, metali nzito. Askari anayebeba risasi nyingi anabeba uzito mwingi. Wakubwa wakataka kujua: je, haiwezekani kutumia aluminiamu? Ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma kwa ujazo ule ule, na tangu mwaka 1886, Hall alipogundua kule Marekani na Héroult kule Ufaransa njia ya kuizalisha kwa umeme, bei yake ilikuwa imeshuka sana. Tatizo lilikuwa moja. Aluminiamu tupu ni laini. Ukiichukua bati yake unaikunja kwa mkono.

Wilm alianzia pale ambapo mhunzi yeyote angeanzia. Chuma cha pua ukikipasha mpaka kiwe chekundu kisha ukakizamisha ghafla kwenye maji, kinakuwa kigumu papo hapo. Wahunzi wamelijua hilo kwa karne nyingi bila kusoma kemia. Wilm akajiuliza kama aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo haiwezi kufanyiwa vivyo hivyo. Akapasha, akazamisha, akapima. Mwaka 1903 alikuwa tayari na hataza ya njia ya kuongeza ugumu wa aloi za aluminiamu na shaba kwa moto. Lakini ugumu wenyewe haukutosha. Mteja hakuridhika, na kazi ikaendelea mwaka baada ya mwaka.

Sasa tufike Septemba 1906, kwa sababu hapo ndipo maisha ya huyu bwana yanapogeuka. Wilm alikuwa ameongeza magnesiamu kidogo kwenye mchanganyiko wake: shaba kama asilimia 4, magnesiamu nusu asilimia. Akaipasha aloi hiyo hadi nyuzi joto 520 hivi za Selsiasi, akaizamisha majini. Inasimuliwa kwamba ilikuwa Jumamosi. Msaidizi wake, Jablonski, alipima ugumu wa vipande vichache kabla ya saa za kazi kwisha. Majibu yalikuwa ya kawaida tu, hayakumsisimua mtu. Muda ukaisha, kazi ikaachwa, watu wakaenda zao nyumbani.

Jumatatu wakarudi kumalizia vipimo. Aloi ilikuwa imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa Jumamosi. Si kidogo, ni kwa kiasi cha kumfanya mtu akitilie shaka kipimo chenyewe kabla ya kuishangaa metali. Hakuna aliyeigusa. Haikupashwa tena wala haikupigwa nyundo. Ilikaa mezani Jumamosi usiku na Jumapili nzima, na ikiwa imekaa hivyo ikawa ngumu yenyewe.

Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu ni rahisi kusema bahati ilimwangukia. Bahati gani? Fikiria vipande vingapi vya aloi kabla ya hapo, katika maabara ngapi, vilipimwa mara moja dakika chache baada ya kutoka majini, vikaandikwa laini na kutupwa. Ugumu huo ulikuwepo siku zote. Hata ndege ya kwanza ya akina Wright, iliyoruka Desemba 1903, ilikuwa na sanduku la injini la aluminiamu iliyochanganywa na shaba, na watafiti waliochapisha uchunguzi wake mwaka 1994 walikuta ndani yake alama zile zile za ugumu wa kungojea. Wright hawakujua. Metali ilikomaa mikononi mwao na hakuna aliyeitazama mara mbili. Wilm alitazama mara mbili. Na alipoona, hakuishia kushangaa. Alianza kupima kwa saa na kwa siku, akaona kwamba ugumu unapanda haraka mwanzoni, kisha unapunguza kasi, na baada ya siku kama nne unatulia. Majaribio yake aliyachapisha mwaka 1911.

Aloi ile ilipewa hataza, na mwaka 1909 kiwanda cha metali cha mji wa Düren kikapata haki ya kuitengeneza. Jina Duralumin likazaliwa, kutokana na mji huo na aluminiamu. Kuanzia mwaka 1914 mifupa ya vyombo vya anga vya Zeppelin ikaanza kujengwa kwa duralumini. Mwaka 1919 Junkers F 13, ndege ya kwanza ya abiria iliyotengenezwa yote kwa metali, ikaruka ikiwa na mwili wa aloi hiyo hiyo.

Metali hiyo nusura itufikie huku kwetu, tena kwa njia ya ajabu. Novemba 1917 Zeppelin L 59 ilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria, kuja Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikiwa imebeba karibu tani 15 za dawa, risasi na vifaa vya jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa limebanwa kusini mwa nchi yetu. Mpango haukuwa wa kurudi. Ingefika, ingevunjwavunjwa, na mifupa na kitambaa chake vingetumiwa na askari huku. Ilipofika Sudan, upande wa magharibi wa Khartoum, ikaitwa kwa redio igeuke. Ikarudi Jamboli baada ya saa 95 angani na karibu kilomita 6,800 bila kutua. Ingefika, mifupa ya Wilm ingekuwa imefukiwa mahali fulani kusini mwa Tanzania, na pengine tungekuwa tunayatumia mabaki yake kama vyombo vya jikoni. Nalitaja hili pia ili tusisahau kwamba kazi hii ilianza kwa risasi. Wilm hakutafuta kitu cha kuwasafirisha watu kwa raha. Alitafuta kumpunguzia askari mzigo ili apigane zaidi.

Yeye mwenyewe hakukaa kuushangilia umaarufu. Baada ya vita aliachana na metali, akarudi Silesia, kwenye milima ya Riesengebirge, akawa mkulima huko Saalberg. Alifia huko tarehe 6 Agosti 1937, akiwa na miaka 68. Wakati huo ndege za metali zilikuwa zinavuka bahari, na karibu zote zilikuwa zimejengwa kwa aloi za ukoo wa ile aliyoiacha mezani wikiendi moja.

Cha kusikitisha, au labda cha kuheshimu, ni kwamba Wilm hakuwahi kuona sababu yenyewe. Alijua kwamba inatokea, alijua baada ya muda gani, lakini ndani ya metali kuna nini hakuna aliyekuwa amekiona. Mwaka 1919 Merica na wenzake wawili, Marekani, walitoa nadharia iliyoelekea kwenye ukweli. Uthibitisho ulikuja mwaka 1938, Guinier akiwa Ufaransa na Preston akiwa Uingereza, kila mmoja kivyake, kwa kutumia miale ya X. Mwaka mmoja tu baada ya Wilm kuzikwa.

Ngoja nieleze walichokiona, kama ninavyopanga kuwaeleza wanafunzi wangu. Chai ya moto inayeyusha sukari nyingi kuliko chai baridi. Aluminiamu nayo, ikiwa kwenye nyuzi 520, inaweza kuimeza shaba ile yote ikiwa bado yabisi. Ukiipoza polepole shaba inajitenga mapema, inakusanyika kwenye madonge makubwa. Lakini ukiizamisha ghafla majini, atomi za shaba zinakosa muda wa kukimbia. Zinabaki zimenaswa, zimetapakaa kila mahali, hazina raha. Kisha, saa kwa saa, zinaanza kujikusanya polepole katika vikundi vidogo mno, vyembamba kama unene wa atomi moja au mbili. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikijengeka Jumapili ile.

Kwa nini vikundi hivyo vilete ugumu? Metali inapokunjwa, tabaka za atomi zinateleza. Vikundi vile ni kama matuta ya barabarani. Weka matuta madogo kila baada ya mita chache, hakuna gari litakalokimbia. Sasa chukua udongo ule ule wa matuta yote, ulundike uwe vilima viwili vikubwa katika kilomita nzima. Magari yatavizunguka na kukimbia yatakavyo. Kiasi cha udongo hakijabadilika, ila barabara imekuwa rahisi. Ndiyo maana aloi ikipashwa kwa muda mrefu mno inarudi kuwa laini: vikundi vimekua vikawa vichache na vikubwa. Ni kama ndizi. Ukiziacha zitaiva zenyewe. Ukizivundika kwa joto kidogo zitaiva upesi. Ukizisahau kwenye joto, zitapondeka. Aloi ya Wilm huiva yenyewe kwenye joto la chumbani, nyingine nyingi huvundikwa kwenye tanuri.

Hapo hata methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi inakubaliana na metali. Mafundi wa ndege walikuwa wakizihifadhi ribiti za aloi hizi kwenye jokofu baada ya kuzipasha na kuzizamisha, ili baridi icheleweshe kukomaa kwake. Wakati wa kuzipigilia zilikuwa bado laini. Zikishakaa mahali pake, zinakomaa zenyewe.

Sasa turudi kwenye yale majedwali yaliyonipeleka kwa Wilm. Mwaka 1991, katika taasisi ya uchomeleaji ya TWI karibu na Cambridge, Uingereza, ilibuniwa njia ya kuunganisha aluminiamu bila kuiyeyusha. Chombo kigumu chenye ncha kinazungushwa kwa kasi, kinazamishwa kwenye mstari ambapo mabati mawili yamekutana, kisha kinatembezwa polepole kuufuata mstari huo. Msuguano unaleta joto, metali inalainika, na ncha inaichanganya ya huku na ya kule. Aliyewahi kusonga ugali ameshaelewa: mwiko unapita, unga na maji vinakuwa kitu kimoja. Kwa njia hiyo yameunganishwa matangi ya mafuta ya roketi kama Delta na Falcon 9, na mabehewa ya treni za Japani.

Kiungo kikitoka ni kizuri kutazama. Hakina mashimo, hakina ufa. Lakini kazi ya Wilm inaweza kuwa imebatilishwa ndani yake kwa dakika chache. Pale katikati, penye kusongwa, joto linafika nyuzi 400 hata 500, vikundi vingi vinayeyuka na kurudi kwenye aluminiamu. Pembeni kidogo, ambapo ncha haikugusa ila joto limefika, vikundi havikuyeyuka, vimevimba. Ndizi zimeiva kupita kiasi. Ukikivuta kiungo cha aloi iliyokuwa imekomaa kikamilifu, kama 6061, mara nyingi hakikatikii kwenye mshono. Kinakatikia pale pembeni, na nguvu yake mara nyingi ni kati ya asilimia 60 na 80 ya bati lisiloguswa.

Dawa ni joto tena, lakini si joto lolote tu. Njia ya kwanza ni kukivundika kiungo chote kwenye tanuri, nyuzi 160 hadi 175 kwa saa kadhaa. Hii inasaidia pale katikati, kwa sababu huko atomi ziko huru na zinaweza kuunda vikundi vipya vidogo. Pembeni haisaidii, maana huwezi kuirudisha ndizi iliyopondeka kwa kuizidishia joto. Njia ya pili ni kuanza upya kabisa: pasha hadi nyuzi 530 hivi mpaka kila kilichojikusanya kiyeyuke, zamisha majini, kisha vundika. Ugumu unarudi karibu sawa kote. Ila ina gharama zake. Chembe za metali pale paliposongwa zinaweza kukua kupita kiasi na kupunguza uwezo wa kiungo kunyumbulika, bati refu linaweza kupinda likizamishwa, na behewa zima la treni haliingii tanurini. Njia ya tatu ndiyo iliyonipendeza: unachomelea bati likiwa bado changa, limezamishwa lakini halijavundikwa, halafu unavundika mshono na bati kwa pamoja. Vyote vinakomaa vikiwa kitu kimoja.

Ukiangalia, njia zote tatu zinauliza jambo lile lile. Kabla ya kuamua joto, lazima ujue sehemu ile ya kiungo imepitia nini. Bati moja, mshono mmoja, lakini katikati pana historia yake na pembeni pana yake. Anayekipa kiungo kizima dawa moja bila kuuliza atapata sehemu moja ngumu na sehemu moja laini, na kwa macho hataona tofauti.

Hapa sasa nazungumza na walimu wenzangu, wale tunaotaniwa chuoni kwamba tumekuja kusomea chaki. Mfumo wetu unapima Jumamosi mchana. Mwanafunzi ametoka tu kwenye moto na maji, yaani amefundishwa wiki hii, amepewa mtihani wiki hii, ameandikiwa alama, na alama hiyo inamfuata miaka yote. Hata sisi hapa chuoni tunajuana kwa alama za siku moja: huyu ana sapu, yule amedisko. Inawezekana kabisa kwamba kilichofundishwa kilikuwa bado kinajikusanya. Sisemi kila anayefeli ni duralumini. Metali nyingine ukiziacha mezani wiki nzima hubaki zilivyo, na aluminiamu tupu ni mojawapo. Subira peke yake haikufanya kitu: mchanganyiko ulipaswa kuwa sahihi, moto uwe sahihi, maji yawe tayari. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu darasani, na hakuna wikiendi itakayoifanya kwa niaba yake. Ninachosema ni kwamba Wilm asingejua lipi ni lipi kama angepima mara moja tu.

Kwa hiyo mimi nimeshaamua. Nikipangiwa shule ya mazoezi ya kufundisha, kila jaribio nitakalotoa nitalitoa mara mbili, kwa maswali yaleyale na bila kutangaza, la pili wiki mbili baada ya la kwanza. Nitachora jedwali lenye safu mbili, na aliyepanda kati ya safu ya kwanza na ya pili nitamwita nimuulize alifanya nini katika siku hizo kumi na nne. Aliyeshuka nitamwita pia, kwa sababu huyo huenda ana pembeni yake ambapo joto langu lilipita vibaya. Kama na wewe unasomea ualimu na utajaribu hivyo, tuonane tukirudi chuoni. Tulinganishe majedwali.